Uso wa yai si uso wa mviringo

Uso wa yai ni uso ambao urefu wake unazidi upana wake kwa kiasi cha nusu hivi, ambao sehemu yake pana zaidi iko kwenye mifupa ya mashavu, paji likiwa pana kidogo kuliko taya na kidevu kikiishia kwa kupinda bila kona. Maana yake ni hiyo tu. Utata umeletwa na neno jingine lililokalishwa mahali pake. Majuzi, katika duka moja la miwani, nilimsikia tena muuzaji akimwambia mteja, "Dada, uso wako ni wa mviringo, chukua hii yenye kona," ilhali dada yule alikuwa na uso wa yai hasa, na fremu aliyovishwa, nyeusi, ya mraba, ilizipita panja zake kila upande kwa upana wa kidole.

Mviringo ni neno la ukoo mmoja na viringika na viringisha, nalo hutaja kitu ambacho, ukikipima kutoka upande wowote, kipimo kinatoka kilekile: sahani, gurudumu, mwezi mpevu. Yai halimo katika ukoo huo. Liviringishe yai juu ya meza utaona kwamba haliendi moja kwa moja kama mpira, bali hupinda na kuzunguka kuelekea upande wa ncha yake nyembamba, kwa sababu ncha zake mbili hazilingani. Neno la Waingereza kwa uso huu, oval, lenyewe limetoka katika Kilatini, ambako ovum ni yai, kwa hiyo anayelitafsiri kuwa mviringo ameliacha yai nje. Hata duaradufu ya vitabu vya hesabu, yaani duara lililorefushwa, haitoshi, kwani ncha zake ni sawa, na uso tunaousema hapa ni mpana juu na mwembamba chini, mfano wa yai lililosimamishwa kwa ncha yake nyembamba.

Mkanganyiko huu humfikia mteja usoni. Mwenye uso wa mviringo hushauriwa kuvaa fremu yenye kona ili uso upate mistari usiyokuwa nayo. Mwenye uso wa yai hana cha kufidia, ndiyo maana husemwa kwamba kila fremu humpendeza, na kauli hiyo nayo hueleweka vibaya, kwa kuwa inahusu umbo, haihusu kipimo. Mraba, duara au jicho la paka, yaani fremu yenye pembe za juu zilizoinuka, zote zitamkaa, mradi upana wa fremu ulingane na upana wa uso kwenye mifupa ya mashavu, na mboni zisiegemee mno upande wa pua ndani ya lenzi. Kwa ndani ya mkono wa fremu huandikwa namba kama 52-18-140: 52 ni upana wa lenzi moja kwa milimita, 18 ni nafasi ya pua kati ya lenzi mbili, na 140 ni urefu wa mkono. Mwenye miwani ya zamani inayomkaa vizuri aende nayo dukani, maana namba zake zitamwongoza kuliko kioo.

Muuzaji yule alikuwa na nia njema, na umbo alilochagua halikuwa na kosa. Ningependa tu angesema, "Dada, uso wako ni wa yai," kisha akamtolea fremu ileile ya mraba, lakini ya 50 badala ya 56.