Bia nyeupe ya Ubelgiji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mnywaji wa Mombasa amelelewa na laga. Bia anayoijua ina rangi ya dhahabu, inaangaza hata ukaona vidole vyako upande wa pili wa glasi, huletwa mezani chupa ikitoka jasho kwa baridi, na huacha uchungu kidogo kooni. Kwa hiyo anapoletewa bia nyeupe ya ngano ya Kibelgiji, ambayo haiangazi, haina uchungu wa kutajika, na ambayo baridi kali huifisha badala ya kuipamba, huipima kwa kipimo kisicho chake na kuihukumu kabla hajaionja sawasawa. Takriban dhana zote potofu zinazosikika kuhusu bia hii katika meza za Nyali na Mtwapa zinatokana na kipimo hicho. Yanayofuata ni kwa watu wazima ambao tayari wanakunywa. Asiyekunywa, na katika mji huu hao ni wengi, hana alichopungukiwa.

Dhana inayorudisha chupa nyingi kaunta ni kwamba bia yenye wingu imeharibika au haikuchujwa vizuri. Ukweli ni kwamba wingu hilo limekusudiwa. Katika bia ya namna hii, karibu nusu ya nafaka huwa ni ngano mbichi, yaani ngano ambayo haikuoteshwa ikawa kimea, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kimea cha shayiri. Ngano mbichi huleta protini na wanga ambazo hazitui upesi, na juu yake huongezeka hamira iliyoachwa ndani ya chupa. Ndiyo maana namna ya kumimina ni sehemu ya bia yenyewe: glasi huinamishwa, humiminwa thuluthi mbili hivi, kisha chupa huzungushwa taratibu ili mashapo yaliyokaa chini yachanganyike, ndipo kinachobaki kinamaliziwa juu pamoja na povu lake. Mhudumu anayemimina kwa uangalifu na kuyaacha mashapo chini hudhani amekufanyia hisani, kumbe amekunyima sehemu ya ladha. Hata hivyo, si kila wingu ni dalili njema. Wingu zuri limeenea sawasawa kuanzia juu hadi chini. Ukiona vipande vinavyoelea kama maziwa yaliyokatika, ambavyo havitawanyiki hata ukiizungusha glasi, hiyo huwa ni chupa iliyozeeka, na una haki ya kuirudisha.

Wengine husema kwamba bia za ngano ni zile zile, ziwe za Ubelgiji au za Ujerumani. Hapa ndipo mtu wa Pwani ana fursa ambayo wengi hawana, kwa kuwa viungo vinavyozungumziwa amekua navyo. Chukua kwanza bia ya ngano ya Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani. Angalau nusu ya nafaka yake ni ngano, lakini ni ngano iliyogeuzwa kimea, na ukiinusa utapata harufu ya ndizi mbivu na, nyuma yake, karafuu. Mtu aliyezoea karafuu ya Pemba huapa kwamba mpishi wa bia ametia karafuu. Hakutia. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji tu, ngano ikaruhusiwa kwa vibali maalumu, na hadi leo mpishi anayefuata mila hiyo hatii kiungo chochote. Ndizi na karafuu zote mbili huzalishwa na hamira yenyewe wakati wa kuchacha.

Mbelgiji, kinyume chake, hutia viungo kweli. Viwili vya msingi ni giligilani kavu na ganda la danzi lililokaushwa, ambavyo kwa kawaida huingizwa mwishomwisho mwa kuchemsha ili harufu isipotee yote na mvuke. Hamira yake nayo huchangia kidogo, lakini kwa sauti ya chini. Kabla ya kuonja, nenda Marikiti ununue giligilani, uponde punje chache katika kiganja na kunusa mara moja: kinachotangulia ni harufu kali ya ngozi ya limau, na baada ya muda mfupi ndipo inakuja ile harufu ya mchuzi tunayoijua. Mpishi hodari hutafuta ile ya kwanza. Giligilani ikizidi, au ikiwa ya aina isiyofaa, bia huanza kunuka soseji ya moshi. Ganda la danzi likizidi, hasa ule weupe wa ndani, ulimi hubaki na ukakasi usioondoka. Kwa maoni yangu, bia nyeupe ambayo mnywaji anaweza kukitaja kiungo chake kwa funda la kwanza tayari imekosea. Kiungo kinapaswa kusikika bila kujitangaza.

Kuna pia bia za ngano zilizo chachu kwelikweli, kama lambiki ya eneo la Brussels, ambayo huchachishwa na hamira pori kutoka hewani. Uchachu huo ni wa makusudi, na haifai kuzilinganisha na bia nyeupe.

Imani inayopendeza wauzaji ni kwamba hii ni bia ya watawa, ambayo imepikwa bila kukatika tangu karne za kati. Ni kweli kwamba kijiji cha Hoegaarden, mashariki ya Brussels, kilikuwa na wapishi wengi wa bia nyeupe kwa karne kadhaa, lakini mila hiyo ilikatika: kiwanda cha mwisho kijijini, cha Tomsin, kilifungwa mwaka 1957. Aliyeifufua katikati ya miaka ya 1960 hakuwa mtawa, bali Pierre Celis, aliyekuwa akiuza maziwa, ambaye ujanani aliwahi kusaidia kazi katika kiwanda hicho hicho cha Tomsin. Kiwanda chake kiliungua mwaka 1985, akasaidiwa kifedha na kampuni kubwa ambayo hatimaye ilikimiliki, naye akahamia Austin, Texas, akaanza upya huko mwaka 1992. Alifariki mwaka 2011. Bia za Trappist, ambazo hupikwa chini ya usimamizi wa watawa, ni kundi jingine kabisa. Historia hii ina maana kwa anayelinganisha bia nyeupe mbalimbali, kwani ladha tunayoiita ya asili ni kumbukumbu ya mtu mmoja, na bia nyingi zilizofuata zimeiga kumbukumbu hiyo, hata St. Bernardus Wit, bia nyeupe nyingine ya Ubelgiji, ilibuniwa kwa msaada wa Celis mwenyewe. Kuiadhibu bia nyingine kwa sababu tu haifanani na Hoegaarden, bia ya Celis iliyochukua jina la kijiji hicho, si haki.

Kipande cha chungwa ukingoni mwa glasi nacho hudhaniwa kuwa desturi ya Ubelgiji. Desturi hiyo ilienezwa zaidi na Blue Moon, bia ya Kimarekani iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo hutumia ganda la chungwa tamu badala ya danzi. Si bia mbaya, ila Ubelgiji wake ni wa mtindo tu. Baadhi ya Wabelgiji huweka kipande cha limau, na wengine hawataki hata kukiona. Anayekunywa kwa starehe na aweke atakacho. Anayelinganisha asiweke kitu, kwa sababu maji ya tunda huangusha povu na kufunika harufu ile ile anayotaka kuipima.

Kwamba ni bia nyepesi, au kama wanavyosema baadhi ya wanaume wetu, bia ya wanawake, ni maneno ya rangi tu. Hoegaarden ina kilevi cha asilimia 4.9 na St. Bernardus Wit 5.5, wakati Tusker ya kawaida ina 4.2. Kwamba ngano huifanya kuwa chakula ni kujidanganya, na mwenye maradhi yanayomkataza gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, asiikaribie.

Suala la baridi linahitaji uvumilivu katika joto letu. Barafu huufisha ulimi, na bia ambayo thamani yake iko katika harufu hugeuka kuwa maji yenye povu. Nyuzi 4 hadi 7 za Selsiasi zinatosha. Kwa friji za baa zetu, hii ina maana ya kuiacha chupa mezani dakika chache kabla ya kuifungua. Glasi isitoke kwenye friza, na isiwe na mafuta wala sabuni, kwa kuwa vyote viwili huua povu.

Dhana inayowagharimu watu fedha zaidi ni kwamba chupa iliyotoka mbali na kukaa sana ndiyo bora. Zipo bia kali za Kibelgiji zinazoimarika kwa kuhifadhiwa miaka, lakini nyeupe si mojawapo. Hunywewa ikiwa changa. Safari ya kontena hadi Kilindini, kisha miezi kwenye rafu ya duka linalopigwa na jua la mchana, huondoa kwanza harufu ya limau, halafu huleta harufu ya boksi lililolowa. Soma tarehe kabla ya bei, na chupa iliyowekwa dirishani kama pambo iache papo hapo.

Wanaodhani kwamba kulinganisha kunahitaji ulimi wa mtaalamu au kunywa sana wanakosea mara mbili. Kinachohitajika ni utaratibu. Mtu mmoja ambaye haonji azifunge chupa kwa karatasi na kuzipa namba, kisha amimine vidole viwili tu katika glasi zinazofanana. Anza na yenye kilevi kidogo, sema Blanche de Namur, nyeupe ya Kibelgiji ya asilimia 4.5, umalizie na yenye kingi, ukisuuza kinywa kwa maji na kipande cha mkate mtupu. Achari ya embe na pilipili za mishkaki zingoje baada ya shughuli, kwa sababu ulimi uliokwisha kuungua hauwezi kupambanua danzi na chungwa. Nusa kabla hujaonja, tazama povu linadumu kiasi gani, na kila mmoja aandike yake bila kuzungumza, maana mwenye sauti kubwa mezani huambukiza wengine ladha ambazo hazimo. Kisha zirudieni glasi zile zile baada ya robo saa, zikiwa zimepoteza baridi. Bia iliyopikwa vizuri hapo hufunguka na kuonyesha ngano yake, laini na tamu kidogo. Iliyotegemea baridi kuficha kasoro hubaki na ukakasi wa ganda au utamu mzito, na aghalabu hapo ndipo mpangilio wa mwanzo wa ubora unapopinduka. Karatasi zifunguliwe baada ya mzunguko huo wa pili.