Homoni za Kijinsia na Ubongo Unaokua: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: testosteroni ni ya dume, estrojeni ni ya jike, basi.

Utayasikia haya barazani Mji Mkongwe na hata skulini Chake Chake, na hakuna dhana inayopotosha kuliko hii. Kwa panya mchanga, testosteroni ya korodani huingia ubongoni, kisha kimeng'enya kiitwacho aromatesi huigeuza kuwa estradioli, ambayo ni estrojeni. Estradioli hushikana na kipokezi chake ndani ya seli, na kwa pamoja hukaa juu ya DNA na kuwasha jeni au kuzizima. Ushahidi uko kwenye dihidrotestosteroni: ni homoni kali ya kiume, lakini aromatesi haiwezi kuigeuza. Panya jike mchanga akidungwa hiyo, akikua bado ubongo wake hutoa mkupuo wa homoni unaoamrisha yai litoke. Akidungwa estradioli, uwezo huo hupotea.

Tena ishara hiyo moja haifanyi kazi moja kila mahali. Mbele ya haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo inayoongoza homoni, lipo fundo la seli ambalo estradioli huzizuia zisife. Kwa hiyo dume analo kubwa zaidi, kama maabara ya mtafiti wa ubongo Roger Gorski ilivyoonyesha 1978. Katika fundo la jirani, linalohusika na kutoka kwa yai, estradioli hiyo hiyo huziua seli.

Dhana: kwa hiyo estrojeni ya mama huugeuza ubongo wa watoto wote uwe wa kidume.

Hapana. Damu ya kijusi cha panya imejaa protini iitwayo alfa-fetoprotini, inayoikamata estradioli kabla haijafika ubongoni. Testosteroni haikamatwi, hupita. Protini hii kwa binadamu haina kazi hiyo.

Dhana: siku yoyote homoni ikifika ubongoni, ni sawa.

Kwa panya mlango, yaani kipindi ambacho homoni inaweza kuubadilisha ubongo, hufunguka karibu na siku ya 18 ya mimba na hufungwa taratibu baada ya kuzaliwa. Miligramu 1.25 za testosteroni propionati, aina ya testosteroni ya sindano, siku ya 5 baada ya kuzaliwa humfanya jike asitoe yai maisha yake yote. Siku ya 20, kipimo hicho hakimfanyi kitu. Simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya panya, huzaliwa amekomaa, kwa hiyo katika jaribio maarufu la 1959 mama ndiye aliyedungwa testosteroni akiwa na mimba. Anayefanya jaribio aandike saa ya kuzaliwa, na si tarehe tu. Homoni huyeyushwa katika mafuta, mara nyingi ya ufuta, na ngozi ya kitoto huyavujisha: sindano itolewe polepole, tundu libanwe, na wenzake wa kulinganisha wapewe mafuta matupu.

Dhana: ndama jike pacha wa dume hazai kwa sababu ya ubongo.

Kasoro yake kubwa iko kwenye ovari na mji wa mimba, kwani damu za mapacha huchanganyika kwenye kondo la nyuma, na homoni za dume humfikia jike. Takriban 9 kati ya 10 ni tasa. Mfugaji ampeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumfuga kwa uzazi.

Dhana: binadamu ni kama panya.

Wapo watu wenye kromosomu XY, yaani za kiume, na korodani, ambao kipokezi chao cha testosteroni hakifanyi kazi kabisa. Aromatesi wanayo na vipokezi vya estrojeni ni vizima, lakini wengi wao hujitambua kuwa wanawake. Malezi yamo ndani yake, kwani hulelewa kama wasichana. Ila wanaume waliozaliwa bila aromatesi, na yule aliyeelezwa 1994 akiwa hana kipokezi alfa cha estrojeni, hujitambua kuwa wanaume. Kwa binadamu, basi, kipokezi cha testosteroni ndicho chenye uzito zaidi.