Ramu nyeupe si nyepesi, na taco haitaki unga wa sembe

Jumamosi iliyopita dada mmoja aliketi kaunta, akaniambia: “Kaka, nitengenezee kitu cha ramu nyeupe, leo naendesha mimi, sitaki kali.” Shemeji yake aliyekaa pembeni akataka nyeusi, “ile iliyokaa miaka mingi.” Nina miaka 9 nyuma ya kaunta ya mgahawa hapa Houston, unaouza ramu (pombe kali ya miwa) na taco (mkate mwembamba wa Kimeksiko uliowekewa nyama), na maneno hayo nimeyasikia kwa Kiswahili, kwa Kihispania na kwa Kiingereza mpaka yamenichosha. Wote wawili walikosea, na kosa la yule dada ndilo linaloniumiza, kwa sababu lingemkuta barabarani.

Rangi ya ramu haikuambii umri wala ukali. Ramu yoyote ikitoka kwenye mtambo wa kukeneka ni nyeupe kama maji, iwe imetokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikitengenezwa, au na maji ya miwa yenyewe. Ikilazwa kwenye pipa la mwaloni hunywa rangi ya mbao. Watu wengi wanajua mpaka hapo tu, ndipo wanapojumlisha kwamba nyeusi ni kongwe. Lakini kiwandani rangi hutiwa, na rangi huondolewa. Karameli, yaani sukari iliyounguzwa, kidogo tu inatosha kuifanya ramu changa iwe nyeusi kama kahawa. Kwa upande wa pili kuna mkaa. Facundo Bacardí, mwasisi wa ramu ya Bacardí, alipofungua kiwanda chake Santiago de Cuba mwaka 1862, alijijengea jina kwa ramu laini iliyochujwa kwa mkaa, na mkaa huondoa rangi ya pipa pamoja na ukakasi. Puerto Rico sheria inataka ramu ilale pipani angalau mwaka mmoja, kwa hiyo hata nyeupe ya kule imeshalala pipani, kisha ikavuliwa rangi yake.

Sasa ukali. Ninazo chupa mbili ambazo huziweka mbele ya kila anayebishana. Moja ni Wray & Nephew ya Jamaika, nyeupe pe, asilimia 63. Nyingine ni nyeusi tii, asilimia 40. Piga hesabu: mililita 60 za ile nyeusi zina mililita 24 za pombe tupu. Mililita 60 za ile nyeupe zina karibu 38. Marekani kinywaji kimoja cha kawaida huhesabiwa kuwa gramu 14 za pombe, karibu mililita 18. Maana yake yule dada angekunywa glasi moja ya “nyepesi” na kubeba vinywaji viwili na zaidi, akashika usukani akiamini amekunywa kimoja. Nilimtengenezea maji ya ndimu yenye nanaa na shira, bila ramu, na alikubali. Jamani, geuzeni chupa msome asilimia, au mwulizeni anayewamiminia. Hakuna mhudumu mzuri atakayeona swali hilo ni la kishamba.

Umri nao usomwe, usikisiwe. Jamaika, miaka inayoandikwa kwenye lebo ni ya ramu changa kuliko zote zilizochanganywa humo, kwa hiyo 12 ni 12 kweli. Kwingine utakuta namba kubwa isiyofuatwa na neno “miaka”, na hiyo inaweza kuwa ya tone la kale lililochanganywa na ramu changa nyingi. Tena acheni kulinganisha miaka ya ramu na ya wiski. Katika joto la Karibi pipa linaweza kupoteza asilimia 6 au zaidi ya kilichomo kila mwaka, wakati Scotland ni karibu asilimia 2. Ramu ya miaka 8 iliyolala Barbados imeshaongea na mbao sana.

Ukitaka kuijua ramu nyeupe, agiza daiquiri ya asili ya Kuba: mililita 60 za ramu, 30 za ndimu iliyokamuliwa muda huohuo, 20 za shira, itikiswe kwa barafu, ichujwe. Ile ya barafu iliyosagwa kwa jamu ya stroberi inaficha kila kitu, ukiwemo ulevi. Utamu hauipunguzi pombe hata tone moja.

Kingine cha haraka: “ramu ni tamu kwa sababu ni ya miwa.” Sukari haipandi na mvuke kwenye mtambo, inabaki nyuma. Ramu tamu imetiwa sukari baadaye, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha gramu 20 kwa lita.

Twende jikoni. Wapo wanaoniambia tortilla, ule mkate mwembamba wa taco, ni chapati ya mahindi, na kwamba nyumbani wamejaribu kwa sembe ikawakatikia mikononi. Lazima ikatike. Mahindi ya tortilla huchemshwa kwanza na chokaa ya kula, jamaa wa ile ya tambuu, yakaachwa usiku kucha, yakaoshwa, ndipo yakasagwa. Hiyo chokaa hulegeza ganda na kuufanya unga ushikane bila ngano. Tena huifungua vitamini B3 iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalipovuka bahari bila ujuzi huu, watu walioishi kwa mahindi matupu katika Ulaya ya kusini, na baadaye hata kusini mwa Marekani, waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, na Wameksiko wa kale walikuwa na dawa yake ndani ya sufuria. Nunueni unga ulioandikwa “masa harina”, yaani wa mahindi yaliyopikwa kwa chokaa hivyo, ukandeni kwa maji ya vuguvugu, bandikeni kwenye tawa kavu lenye moto mkali. Sembe iacheni kwa ugali.

Na tortilla mbili zilizowekwa pamoja chini ya nyama si kosa la mpishi. Ya juu ikilowa mchuzi, ya chini inabeba.

Ile taco ngumu iliyokunjwa na kukaangwa mapema, ambayo wengi hudhani ndiyo halisi, ilienezwa na migahawa na viwanda vya Marekani. Meksiko wanakaanga taco pia, lakini ya kila siku ni laini na huliwa kwa mkono. Weka uma chini.

Hili la mwisho nawaambia ndugu zangu Waislamu wanaokuja kwa ajili ya chakula. Mnauona mshikaki mkubwa unaozunguka wima, mnasema “aa, shawarma,” na mnaagiza. Ukoo wake ni huohuo kweli: wahamiaji kutoka Lebanoni na nchi za jirani waliupeleka Puebla, mji wa Meksiko, na kufikia miaka ya 1930 kulikuwa na “taco za Kiarabu” pale. Lakini taco al pastor iliyotokana nao ni nyama ya nguruwe, iliyolowekwa kwenye pilipili kavu na achiote (kiungo chekundu cha mbegu), mara nyingi na kipande cha nanasi juu. Carnitas ni nguruwe pia. Maharage yaliyopondwa mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na tortilla za ngano zinaweza kukandwa kwa mafuta hayohayo. Kuku na samaki ulizeni vimekaangwa wapi. Mzee mmoja alikula maharage kwetu miezi kadhaa kabla hajaniuliza, na ile sura yake nilipomjibu sijaisahau. Tangu siku hiyo, nikisikia salamu ya Kiislamu mlangoni, naenda mezani mwenyewe kabla menyu haijafunguliwa.