Le Mans ya zamani: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Wapenzi wa magari ya mbio ya zamani hawachoki kusimulia Le Mans, mashindano ya saa 24 yaliyoanza Ufaransa mwaka 1923. Hadithi zenyewe zimetiwa chumvi mpaka mgeni anadhani kazi yote ilikuwa kukanyaga mafuta tu. Kumbe wengi walioshinda pale walishinda kwa kulitunza gari.

“Ukiachwa mwanzoni, imekula kwako.”

Dhana hii ilitokana na namna mbio zilivyoanzishwa. Magari yalipangwa mshazari upande mmoja wa barabara, madereva wakasimama upande wa pili. Bendera ikishuka, unavuka mbio, unajitupa ndani, unawasha, unaondoka. Mkanda utafunga mbele ya safari, ukipata nafasi. Mwaka 1968 Willy Mairesse aliondoka mlango wake haujajifunga sawasawa. Ukafunguka gari likiwa kasi, akaumia vibaya, na udereva wake wa mashindano ukaishia hapo.

Mwaka uliofuata Jacky Ickx, Mbelgiji wa miaka 24, aligoma bila kusema neno. Wenzake walipotimua mbio yeye alitembea, na ilibidi akwepe gari lililokuwa tayari limeondoka. Akaingia kwenye Ford GT40 yake, akafunga mkanda, akatoka wa mwisho. Katika mzunguko huohuo wa kwanza John Woolfe alipata ajali na Porsche 917 yake akafariki. Mkanda hakuwa ameufunga.

Ickx, aliyekuwa akipokezana usukani na Jackie Oliver, ndiye aliyeshinda. Saa za mwisho alikabana koo na Hans Herrmann wa Porsche 908, mara huyu mbele, mara yule, huku breki za Porsche zikiwa zimelika. Kwenye mnyoosho mrefu wa Mulsanne, Ickx alijibanza nyuma ya mwenzake ili akingwe upepo, kisha akachomoka. Baada ya saa 24 waliachana kwa mita 120 hivi. Kuanzia 1970 hakuna aliyekimbilia gari tena: madereva walianza wakiwa wameketi, mikanda imefungwa.

“Gari lenye kasi kuliko yote ndilo linaloshinda.”

Katika mbio hizohizo za 1969, lenye kasi lilikuwa 917. La Vic Elford na Richard Attwood liliongoza kwa saa nyingi, likafa zikiwa zimebaki kama saa tatu. Attwood akashika adabu. Mwaka 1970 aliomba injini ya lita 4.5 wakati wengine wakikimbilia ya lita 4.9, pamoja na giaboksi ya gia nne kwa kuwa ilikuwa ngumu zaidi. Katika majaribio ya kupanga nafasi, yeye na mwenzake Herrmann, yuleyule wa mita 120, wakaambulia ya 15. Mvua ikanyesha ya kutisha. Kati ya magari 51 yaliyoanza, ni saba tu yaliyohesabiwa kuwa yamemaliza, na la kwanza lilikuwa lao. Huo ndio ushindi wa kwanza kabisa wa jumla wa Porsche pale Le Mans, na Herrmann akastaafu papo hapo.

(Wenzangu wa Afrika Mashariki, msichanganye. Herrmann aliyeshinda Safari Rally mwaka huohuo wa 1970 ni Edgar, na aliendesha Datsun.)

“1966 Wamarekani walimchapa Ferrari.”

Pesa na injini ya lita 7, sawa, vilikuwa vya Marekani. Lakini GT40, gari la Ford lililoshinda, ilianza kutengenezwa Slough, Uingereza, kwa kuanzia gari la Lola. Na angalia waliokuwa kwenye magari mawili ya mbele: Bruce McLaren, Chris Amon na Denny Hulme wa New Zealand, na Ken Miles, mzaliwa wa Uingereza. Mmarekani wa kwanza unamkuta kwenye gari la tatu.

Wengi pia husema Miles aliporwa ushindi. Wakubwa wa Ford walitaka magari yao yavuke mstari pamoja ili picha ipendeze, naye akapunguza mwendo. Waandaaji wakakumbusha kwamba gari la McLaren lilianzia nyuma zaidi, hivyo limekwenda umbali mrefu zaidi, na ndilo likapewa ushindi. Ni kanuni, ingawa kwangu bado inauma. Miles alifariki Agosti mwaka huohuo akijaribu gari jipya la Ford huko Riverside, California.

“Rolt na Hamilton walishinda 1953 wakiwa wamelewa.”

Stori tamu, lakini meneja wa madereva hawa wawili wa Jaguar, Lofty England, aliikana. Kilichowabeba ni breki za diski, zilizowaruhusu kuchelewa kukanyaga kwenye kona saa zote 24.

“Shujaa huendesha peke yake.”

Pierre Levegh alijaribu mwaka 1952. Aliendesha Talbot peke yake, dereva mwenza akisubiri bure, akawa anaongoza kwa mizunguko kadhaa, injini ikafa zikiwa zimebaki dakika chache zaidi ya saa moja. Watu husema alichoka akakosea gia. Mwenyewe alidai injini ilikuwa na kasoro tangu mapema, na alihofia mwingine angeimaliza. Mercedes ikachukua ushindi. Leo kanuni hazimruhusu dereva mmoja kuzidisha saa 14 kwa jumla.