Pesa Zikinaswa na Polisi Nairobi, Huishia Wapi?

Polisi wakivamia nyumba Eastleigh au Kilimani na kutoka na mabunda ya noti, wengi huamini kwamba pesa hizo sasa ni za serikali, na kwamba kituo kitazitumia kununua mafuta ya gari au kukarabati seli. Sivyo. Pesa iliyonaswa ni kielelezo cha kesi, na mwenyewe bado hajapoteza umiliki. OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hana idhini ya kutumia hata shilingi moja.

Hatari kubwa iko mwanzoni kabisa, kwenye hesabu. Pesa zihesabiwe palepale zilipopatikana, mbele ya aliyekutwa nazo, na orodha iandikwe: noti za 1,000 ngapi, za 500 ngapi, fedha za kigeni kando, simu kwa nambari yake ya utambulisho, IMEI, gari kwa nambari ya usajili na ya chesisi. Afisa na mwenye mali watie saini. Kituoni, tukio huandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio, na mali huingizwa kwenye sajili ya vielelezo. Orodha ikija kuandikwa saa kadhaa baadaye, au ikitaja tu "kiasi cha pesa", pengo hilo halizibiki tena. Mwenye mali hubaki bila cha kuonyesha kortini, na upande wa mashtaka nao huingia na kielelezo ambacho wakili atakivuruga kwa maswali matatu. Kwa hiyo omba nakala ya orodha na nambari ya OB, wala usitie saini karatasi ambayo nafasi ya kiasi imeachwa wazi.

Dhamana ya pesa taslimu inayolipwa kituoni ni jambo jingine. Hiyo hudaiwa risiti rasmi, na hurudishwa mshukiwa akitimiza masharti.

Kifungu cha 121 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai huruhusu mali iliyopelekwa mahakamani kushikiliwa hadi kesi au uchunguzi uishe, kwa sharti kwamba itunzwe ipasavyo. Pasipokuwa na aliyeshtakiwa, mahakama huagiza irudishwe, isipokuwa kuwe na sababu ya kisheria ya kuendelea kuizuia. Magari ndiyo huumia zaidi. Usingoje: peleka ombi mapema gari lipigwe picha za ushahidi, kisha likabidhiwe mwenyewe kwa masharti. Likiachwa juani nje ya kituo, hata atakayeshinda kesi atarithi vyuma tu.

Ili mali itaifishwe kama mapato ya uhalifu, yaani iwe ya serikali, lazima Mahakama Kuu iamue. Chini ya Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kuzuia Utakatishaji wa Pesa ya 2009, Shirika la Kurejesha Mali, ARA, huomba kwanza agizo la kuizuia mali isiuzwe wala kuhamishwa. Agizo likitolewa, wenye maslahi yanayojulikana huarifiwa na tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ndani ya siku 21. Agizo hilo hufa siku 90 baada ya kuchapishwa, isipokuwa ombi la kuitaifisha mali liwe limeshafikishwa mahakamani.

Kwenye ombi hilo la pili wengi hushtuka. Kesi ni ya madai, si ya jinai. Jaji hupima ni upande gani una uzito zaidi, wala hahitaji uthibitisho usioacha shaka. Mtu aliyeachiliwa huru katika kesi ya jinai anaweza bado kupoteza nyumba. Kinachookoa mali ni karatasi: mkataba wa mauzo, taarifa za benki, ritani za kodi za KRA, stakabadhi za biashara za miaka husika. Kusema "nilikuwa nikiweka akiba nyumbani" bila ushahidi wa mapato hakufiki mbali. Aliyenunua kwa nia njema na kwa bei ya haki ana kinga yake kisheria, mradi ajitokeze ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo.

Sheria hiyohiyo ya 2009 iliunda Mfuko wa Kurejesha Mali ya Uhalifu, na humo ndimo pesa zilizotaifishwa huelekezwa. Haziendi kwa kituo kilichozinasa. Mpango huu unafaa kulindwa, hata polisi wanapolalamika, na kwa haki, kwamba vituo havina vifaa. Marekani, chini ya mpango wa mgao wa serikali kuu, idara ya polisi ya mtaa huweza kupata hadi asilimia 80 ya thamani ya mali iliyosaidia kunasa. Matokeo yake ni lawama za miaka mingi kwamba maafisa huwinda pesa kuliko wahalifu. Jimbo la New Mexico lilibadilisha sheria yake mwaka 2015, likaagiza mapato hayo yaingie kwenye hazina ya jimbo. Uingereza huwagawia wapelelezi, waendesha mashtaka na mahakama sehemu ya mapato, huku nusu ikibaki serikalini. Afisa wa Nairobi ambaye bajeti ya kituo chake ingetegemea anachonasa angekuwa na sababu ya kumsimamisha mfanyabiashara wa soko la Gikomba mwenye pesa mfukoni kabla ya kumtafuta mwizi.

Mfuko nao unahitaji macho. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua, na mwananchi anaweza kuuliza mwenyewe chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika kwa Kiswahili ukitaka, sheria inaruhusu, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Taja nambari ya kesi, tarehe ya agizo la kutaifisha na kiasi, kisha uliza pesa ziliwekwa lini, katika akaunti gani ya serikali, na zimetumika kwa nini. Afisi husika ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya, huhesabiwa kuwa imekataa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.