Ugonjwa wa akili na leseni ya uuguzi Uingereza

Nafundisha uuguzi wa afya ya akili, na wanafunzi hunijia pembeni, mlango ukishafungwa, na swali lile lile: niliwahi kulazwa kwa sonona, au natumia dawa za baipola (ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno), je, nikiomba usajili Uingereza nitakataliwa? Tangu Kenya na Uingereza zitie saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, wanaouliza wameongezeka. Ugonjwa peke yake haukunyimi leseni. Kinachoweza kukuharibia ni kuuficha pale unapotakiwa kuutaja.

Usajili huko uko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, NMC. Baraza linapotaka mwombaji mwenye afya njema, halimaanishi mtu asiye na maradhi wala ulemavu. Linataka anayeweza kumhudumia mgonjwa kwa usalama, hata kama anameza dawa kila siku au anahitaji kurekebishiwa utaratibu wa kazi. Unachopaswa kueleza ni hali inayoweza kuathiri uwezo huo. Sonona iliyokupata ukiwa sekondari, ikatibiwa ikapona, haina uzito sawa na baipola iliyokurudisha wodini hivi karibuni.

Wengi hushauriwa na ndugu au mawakala wanyamaze kabisa. Ushauri huo unaniumiza, maana unamtoa mtu penye kinga na kumpeleka pasipo na kinga. Chini ya sheria ya NMC, shauri linalohusu afya tupu haliwezi kuishia moja kwa moja kwenye kufutwa rejista: lazima kwanza muuguzi awe amesimamishwa, au amefanya kazi kwa masharti, kwa miaka 2 mfululizo. Muda huo ni wa kutibiwa na kurudi kazini. Udanganyifu kwenye fomu huhesabiwa kuwa suala la mwenendo, na hapo muuguzi anaweza kufutwa mara moja.

Kwa hiyo, kama una jambo la kueleza, mwombe daktari wako wa akili barua. Barua inayotaja jina la ugonjwa tu haisaidii sana. Aandike umetulia tangu lini, unatumia dawa gani, unahudhuria kliniki vipi, na kama wewe mwenyewe unazitambua dalili za mwanzo za kuugua tena. Hilo la mwisho nalithamini kuliko yote. Muuguzi anayejua kwamba usiku wa pili bila usingizi ni dalili kwake ataomba msaada mapema.

Mwajiri ni suala jingine. Sheria ya Usawa ya 2010 kwa kawaida haimruhusu akuulize habari za afya yako kabla hajakupa ofa ya kazi. Baada ya ofa utapewa fomu ya kitengo cha afya kazini, na hapo ndipo pa kusema unachohitaji. Mwenye baipola azungumzie zamu za usiku mapema, kwa kuwa kukatika kwa usingizi kunaweza kuamsha kipindi cha msisimko mkali. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza baipola, aeleze kwamba anahitaji nafasi ya kwenda kupimwa damu, na ahakikishe anakunywa maji zamu nzima: mwili ukikaukiwa, kiwango cha dawa hupanda hadi kumdhuru.

Barua na muhtasari wa matibabu vichukue kabla hujasafiri, kwa sababu kufuatilia faili la hospitali ya nyumbani ukiwa Leeds au Glasgow ni kazi ya miezi.