Tamthilia ikiondolewa, dishi lako halina kosa

Kila tamthilia ya polisi inayopendwa ikikatwa huku kwetu, simu za mafundi dishi wa Tanga huanza kuita, kuanzia Raskazone hadi Pongwe, na maneno ni yaleyale: "Fundi, dishi limecheza, njoo uligeuze." Au mbaya zaidi: "Nimeambiwa ukiligeuza kidogo tu inarudi." Hairudi. Na fundi anayekubali kupanda bati kwa kazi hiyo, akalegeza nati, akalizungusha dishi kidogo, akalirudisha palepale na kushuka na hela yako, amekuibia. Hakuna kitu kinachoniudhi kama hiki katika kazi yetu, kwa sababu mtazamaji ana uchungu wa kweli. Amemfuata mpelelezi wake msimu baada ya msimu, muuaji bado hajajulikana, halafu usiku wa Jumatatu saa ileile anakuta kipindi cha mapishi. Uchungu wa namna hiyo haufai kufanywa mtaji.

Setilaiti haitumi tamthilia mojamoja. Kwenye masafa mamoja hubanwa chaneli nyingi kwa pamoja, kumi na zaidi, na dishi hupokea mzigo wote au halipokei kabisa. Haliwezi kukuletea taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwenye chaneli fulani, kisha saa tatu, chaneli ileile, likakunyima tamthilia. Kwa hiyo kama chaneli ipo, picha safi, sauti safi, na kilichobadilika ni kipindi tu, mjadala wa dishi umekwisha hapo. Usimwite mtu.

Ukitaka kujiridhisha, ingia kwenye menyu ya king'amuzi, tafuta ukurasa wa mawimbi. Utaona mistari miwili: nguvu na ubora. Watu wengi husoma nguvu na kutulia, wakati unaotakiwa kusomwa ni ubora. Nguvu iko juu na ubora ni sifuri: dishi limeikosa setilaiti, au LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, inapokea kelele tupu. Yote miwili sifuri: tazama waya, koneta, au LNB yenyewe. Ubora unapanda na kushuka: kutu kwenye koneta, kishikio cha LNB kimelegea, au tawi la mwembe limekua mbele ya dishi tangu lilipofungwa. Mteja akiniuliza namba sahihi ya ubora ni ngapi, jibu la kweli ni kwamba haipo. Kila king'amuzi hukokotoa kwa kanuni yake, na sabini ya hiki si sabini ya kile. Njia inayofaa ni kuandika namba ya siku ambayo picha ni nzuri, ukaibandika nyuma ya runinga, na siku ya shida ukalinganisha na hiyo.

Hapa Tanga kuna mkanganyiko mwingine unaoletwa na mahali tulipo. Setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki, ambako DStv wanarushia, iko karibu juu ya utosi wetu, kiasi cha nyuzi 83 kutoka upeo wa macho. Dishi lake limelala karibu chali. Mtu wa Makorora akilinganisha na la jirani linalotazama setilaiti ya nyuzi 7 Mashariki, ambako Azam wako, anaona la jirani limesimama vizuri kuelekea magharibi na lake "limeanguka". Anapanda na kulisimamisha. Hapo ndipo anapoanza kukosa chaneli kweli, na kosa lililotoka mezani kwa watu wa vipindi limegeuka kuwa kosa la juu ya bati.

Liko tatizo moja la vifaa ambalo hufanana kabisa na "wameiondoa", na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu hata mafundi wenzangu hulipita. King'amuzi huipelekea LNB umeme kupitia waya uleule unaoleta picha. Kikipeleka volti 13, LNB hupokea mawimbi ya wima. Kikipeleka volti 18, hupokea ya mlalo. Sasa chukua waya wa ufukweni, wenye kiungo katikati kilichofungwa kwa selotepu, umepigwa na hewa ya chumvi miaka miwili. Ule waya wa kati unaota kijani, umeme unapungua njiani, volti 18 zinafika zikiwa 14 na kitu, na LNB inazichukulia kama 13. Matokeo: chaneli zote za mlalo zinapotea kwa mpigo, za wima zinabaki zimetulia. Mwenye nyumba anaona nusu ya chaneli zipo na ile ya tamthilia haipo, anahitimisha kuwa imefungwa. Dalili ya kutofautisha ni moja: hapa zinapotea chaneli kwa kundi, pamoja na zingine usizozitazama kabisa. Pitia orodha nzima kabla ya kulaumu mtu yeyote.

Kulipima tatizo hili, usifungue waya kwenye LNB ukagusa ncha kwa mita ya umeme na kufurahi kuona 18 kamili. Waya usiolisha LNB umeme utakuonyesha 18 hata ukiwa umeoza. Pima LNB ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi. Ikibainika volti zimeanguka, ondoa kiungo chochote cha katikati na weka waya mmoja mzima. Kama ni ncha tu, kata sentimita tano, kumi, hadi uone shaba inayong'aa. Acha waya wa kati utokeze milimita mbili au tatu mbele ya koneta, na hakikisha hakuna unywele hata mmoja wa ule wavu wa shaba unaouzunguka unaougusa. Paka grisi ya silikoni, funga kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha ushushe waya upinde chini ya LNB kabla ya kuelekea ukutani, ili maji ya mvua yadondoke pale kwenye pindo yasiingie kwenye koneta. Na ununue waya mzuri. Ule wa bei ya chini ndani ni chuma kilichopakwa shaba, na ukiwa mrefu, mita thelathini na kuendelea, hupoteza volti hata ukiwa mpya.

Wanaotumia antena ya kawaida kwao ni rahisi zaidi. Tangu analojia izimwe Tanga mwanzoni mwa 2013, chaneli zao pia huja kwa furushi. Ikipotea chaneli nzima, tafuta chaneli upya kwenye menyu kabla ya kugusa mlingoti.

Tuje kwenye kiini. Tamthilia huondolewa eneo moja na kubaki jingine kwa sababu haki za kuonyesha huuzwa kwa eneo. Mwenye kituo hainunui tamthilia. Ni kama mfanyabiashara anayekwenda Muheza kununua embe zikiwa bado mtini: amenunua matunda ya msimu huu, mti si wake, na msimu ukiisha mwenye shamba yuko huru kumuuzia mwingine au kukataa. Mkataba wa tamthilia hutaja nchi, muda, idadi ya marudio, lugha, na njia: chaneli ya bure, chaneli ya kulipia, au mtandaoni, kila moja kivyake. Ndiyo maana msimu wa kwanza hadi wa nne unaweza kuwa kwenye chaneli yako na wa tano ukaangukia kwa kampuni nyingine, au usinunuliwe na yeyote wa Afrika Mashariki. Mkataba unaweza kuisha katikati ya msimu, na ukiisha, kituo kikiendelea kurusha hata sehemu moja kinavunja sheria.

Hapo watu huniambia: "Lakini shemeji yangu yuko Johannesburg anaiona, chaneli ileile, nembo ileile." Nembo ileile, sawa. Chaneli kubwa za kulipia huwa na matoleo kadhaa, moja la Afrika Kusini, jingine la nchi nyingine za Afrika, na kila toleo lina ratiba yake inayofuata haki zilizonunuliwa. Afrika Kusini nao wanapokea kwenye setilaiti nyingine, ya nyuzi 68.5 Mashariki. Hata ukiipata, matangazo yamefungwa kwa msimbo ambao ufunguo wake hubadilika kila baada ya sekunde chache, na kadi yako hufungua tu kile ilichoruhusiwa kwa nchi na kifurushi ulichosajiliwa. Ruhusa hiyo inatumwa kutoka angani na inaweza kufutwa kutoka angani. Anayekuuzia "kadi ya Afrika Kusini" pale sokoni Ngamiani anakuuzia kitu kinachoweza kuzimwa usiku wowote, na huna pa kushtaki, kwa kuwa mkataba si wako.

Na hili si letu peke yetu. Uskoti mwaka 2009, kituo cha STV kiliacha kuonyesha The Bill, tamthilia ya polisi iliyokuwa hewani kwenye ITV ya Uingereza, si ITV yetu, tangu 1984, pamoja na tamthilia nyingine za mtandao huo, kikataka kuweka vipindi vyake chenyewe na kupunguza gharama. England iliendelea kuonekana kama kawaida hadi ilipokwisha Agosti 2010. Watazamaji wa Uskoti walikasirika sana, na vituo viwili vyenyewe vilifikishana kwenye kesi, vikapatana 2011. Jambo ambalo watu hupenda kulishika ni kwamba wenye dishi kule waliweza kuongeza toleo la London na kuendelea kutazama. Ni kweli, kwa sababu matoleo yote ya ITV yalikuwa mahali pamoja angani na ya bure, bila kadi. Kule dishi halikugeuzwa hata kidogo. Waliingiza masafa kwenye menyu, basi. Aliyekuwa na antena pekee aliikosa. Huwezi kuichukua hali ile ukaipeleka kwenye chaneli iliyofungwa kwa kadi.

Zipo pia sababu zisizohusu haki za tamthilia. Mwaka 2018 chaneli za ndani za bure ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti kwa sababu ya masharti ya leseni, na wapo walioamini mitambo imeharibika. Ikitoweka chaneli nzima, fikiria leseni au kifurushi. Kikitoweka kipindi kimoja, fikiria haki za kuonyesha au ratiba.

Ratiba isidharauliwe. Matangazo ya chaneli za kanda mara nyingi hutaja saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa moja. Wakiandika 20:30, kwetu ni 21:30, yaani saa tatu na nusu usiku. Mtu anafungua saa mbili na nusu, anakuta kipindi kingine, anasubiri dakika kumi, anazima, na kesho mtaa mzima una habari kwamba imeondolewa. Fungua mwongozo wa vipindi, sogeza mbele siku saba, tafuta jina la tamthilia, na angalia namba ya msimu. Ukikuta msimu wa kwanza unarudiwa saa nane usiku, haki bado zipo na msimu mpya una nafasi. Ukikosa jina lote kwa wiki nzima, hiyo ni dalili kwamba imeondoka. Uhakika kamili kutoka nje haupatikani. Haki zilizoisha na kipindi kilichokatwa kwa kukosa wadhamini vinafanana kabisa ukiwa umekaa kwenye kochi.

Kuhusu mtandao nitasema kwa ufupi. Huduma za video husoma anwani ya intaneti yako na kukufungia kwa mikataba hiyohiyo ya maeneo. VPN, programu inayoficha mahali ulipo, inaweza kukupitisha leo na kugundulika kesho, na tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, inataka wanaotumia VPN watoe taarifa. Halafu kuna bando: saa moja ya picha kali inaweza kula GB 3, ya kawaida karibu GB 1. Piga hesabu ya msimu mzima kabla ya kuanza.

Nguvu uliyonayo ni malalamiko, na malalamiko ya Tanga huandikwa vibaya. "Mmetoa tamthilia yetu, rudisheni" hujibiwa na mtu wa zamu kwa "zima king'amuzi dakika tano kisha uwashe", kwa sababu hakuna alichopewa cha kufuatilia. Andika jina la chaneli na namba yake, jina la tamthilia, msimu na sehemu ya mwisho uliyoiona, tarehe na saa, namba ya king'amuzi, na ubora wa mawimbi ili wasikurudishe kwenye dishi. Kisha uliza maswali matatu: haki za kuonyesha Tanzania zimeisha? Msimu unaofuata umenunuliwa? Kama umehamia chaneli nyingine, iko kwenye kifurushi gani? Omba namba ya malalamiko. Wakazi wa mtaa mmoja wakiandika kila mmoja kwa namba yake ya king'amuzi, hesabu inaonekana. Ujumbe mmoja wenye majina arobaini chini yake unahesabiwa mteja mmoja. TCRA wapelekee tu baada ya mtoa huduma kushindwa kukujibu, na uende na ile namba. Hawawezi kumlazimisha mtu kununua msimu wa sita. Lakini kama ulilipia kifurushi kilichotangazwa kuwa na chaneli fulani na chaneli hiyo haipo, hilo ni lao, na usikubali kuambiwa ni dishi.